Kisasi cha Kikorea, Tandika

Tandika, Temeke
14 Januari 2025

Mwanangu Badru,

Marahaba, kabla hujaniamkia, maana najua adabu yako haipungui hata ukiwa kwenye baridi. Huku wote wazima. Goti langu la kushoto huniuma mvua ikikaribia, ila mwaka huu limekuwa likisema uongo. Mpangaji wangu wa chumba cha mbele kaoa bila kuniambia, lakini mke mwenyewe anapiga deki mpaka barazani, kwa hiyo nimemsamehe. Dada yako Najat anaendelea na maandalizi ya harusi yake.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Nimerudi kwenye kalamu kwa sababu simu nimeiacha. Pengine umesikia kilichotokea, na kama umesikia, umesikia vibaya. Bora nikueleze mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja, baada ya hitma ya marehemu mzee Mwinjuma, nilimrekodia mama yako ujumbe wa sauti. Mama yako peke yake, wifi yangu Hija, ambaye tangu kaka yangu, yaani baba yako, atutoke, tumekuwa tukiambiana hata ndoto. Nilimwambia kwamba pilau aliyoipika ndugu yetu Bi Najma ilishikana kiasi cha kuzibia bati linalovuja, na kwamba Bi Najma mwenyewe alilia kwenye hitma kuliko mjane. Yote mawili ni kweli. Nikaiweka simu chini ya mto, nikakimbilia jikoni kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua.

Kesho yake alasiri nasikia ngoma. Nikadhani kuna harusi. Natoka barazani, naona matarumbeta mbele, Bi Najma katikati, na kundi la wanawake wamevaa kanga za sare, wanakuja kwangu. Nimesutwa, Badru. Mimi Mwanaasha, niliyewahi kwenda na ngoma kuwasuta wengine, nimesutwa mlangoni kwangu mbele ya muuza mkaa na mpangaji. Nilijifungia ndani, lakini tarumbeta halina habari na mlango. Waliimba kwamba sauti yangu imesikika mpaka Mbagala.

Sasa wewe uliyesoma, nifikirie. Ujumbe niliutuma kwa mtu mmoja. Kama umefika kwa Bi Najma, nani kaufikisha? Jioni ile ile niliizima simu, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia chini kabisa ya sanduku la nguo, na haijaona mwanga hadi leo. Sitaki pole ya mtu.

Mama yako amekuja kuniona mara nyingi. Nimempa chai, nimecheka naye, sijamwambia kitu. Ni kwa sababu nimejifunza. Mwaka mzima nimekuwa nikitazama sizoni za Kikorea, zile zinazotafsiriwa na kijana Twalib wa Tandale, ambaye kwa sauti hiyo hiyo moja anakuwa mwanamume, mwanamke na mbwa. Badru, wale watu wanajua kulipiza kisasi! Mtu anadhulumiwa leo, anatabasamu, anapotea, anabadilisha nywele, anarudi baada ya miaka amevaa suti, na adui anampa kazi kwa mkono wake mwenyewe. Sisi huku tukikosewa asubuhi, adhuhuri tumeshatukanana na magharibi tumeshapatana. Hatuna nidhamu. Ndiyo maana hatuendelei.

Wewe uko huko huko Korea, kwenye kiwanda chenyewe. Waulize wenyeji, mtu anaanzia wapi? Najua Hija ni mama yako. Lakini wewe ni damu yetu, yeye kaolewa tu. Barua hii ni amana, usimwonyeshe mtu.

Shangazi yako,
Mwanaasha


Busan
16 Februari 2025

Shangazi yangu, shikamoo.

Bahasha yako imefika ikiwa na mihuri mingi kuliko pasipoti yangu, na harufu ya udi bado imo ndani. Mimi mzima. Navaa soksi mbili mbili. Mtihani wa injini za meli nimepita, ule wa Kikorea nimepita kwa huruma ya mwalimu. Nimezoea kula kabichi ya pilipili asubuhi. Bibi mwenye nyumba ninakopanga anauza supu ya samaki sokoni, na ananiita kwa jina ambalo si langu, lakini naitika. Pole ya goti.

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Unaniomba nikusaidie kumlipizia kisasi mama yangu mzazi. Nimetafuta namna ya kulijibu hilo kwa heshima na bado naitafuta.

Lakini umeniagiza niulize, nimeuliza. Kwanza, Wakorea ninaowaona mimi wanakwenda kazini, wanalalamikia kodi ya nyumba, na wanasinzia kwenye treni. Waliovaa suti ni wengi, ila hakuna hata mmoja aliyerudi kulipiza kisasi. Wamechoka. Nikamuuliza bibi mwenye nyumba, kwa Kikorea changu cha kuombea chumvi, kama ana adui. Akasema anaye, ni jirani anayetoa takataka siku isiyo yake. Hajamsalimia tangu mwanawe wa mwisho akiwa shule ya msingi, na mwanawe huyo sasa ana watoto. Nikamuuliza mpango wake ni upi. Akasema mpango ndiyo huo.

Basi nikamuuliza, mbona sinema zenu zimejaa visasi? Jibu lake limenikaa. Alisema huku mdogo hamjibu mkubwa. Bosi akikosea, unainama. Mzee akikosea, unainama zaidi. Ukweli unakaa kooni mwaka baada ya mwaka, mpaka siku ya mapumziko unakwenda kulipa kiingilio umwone mtu mwingine akiusema kwa niaba yako, tena kwa kisu. Nilirudi chumbani nikawaza sana, Shangazi. Niliwaza kuhusu shikamoo zetu.

Sasa naomba kuuliza kitu, na ukikasirika nitakuwa nimestahili. Una hakika ule ujumbe ulikwenda kwa mama? Majina kwenye simu yanakaa yamebanana. Maharage yalikuwa yanaungua. Je, baada ya pale uliwahi kuifungua tena simu ukaangalia?

Nauliza tu.

Mwanao,
Badru


Tandika
20 Machi 2025

Mwanangu Badru,

Ramadhani imetukuta wazima. Futari mwaka huu ni magimbi kila siku, kwa sababu mke wa mpangaji kaanza na magimbi na hajui kitu kingine, na mimi simkatishi tamaa. Goti limetulia. Bibi yako huyo wa supu ni mwanamke wa maana, mpe salamu zangu. Kununa miaka yote hiyo si kazi ya mtu wa kawaida.

Umeuliza habari za simu. Simu haina kosa, wenye kosa ni watu. Tuendelee.

Kwenye sizoni, mlipiza kisasi lazima awe na ukuta. Anabandika picha za maadui, kisha anavuta uzi mwekundu kutoka picha hii kwenda ile. Nimeutengeneza chumbani. Picha ya mama yako nimeikata kutoka kwenye picha ya harusi yangu mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimemwekea mkono begani, mkono wangu umebaki kwake. Uzi ni ule wa cherehani. Mwekundu uliisha nikamalizia na wa kijani. Mke wa mpangaji aliingia kuazima chumvi, akautazama ukuta, akaniuliza kama nagombea udiwani.

Kisha nikabadilisha sura. Nilinunua miwani mikubwa ya giza na baibui la kahawia, maana mtaa mzima unanijua kwa jeusi. Nikaenda zangu sokoni. Wa kwanza tu, muuza mkaa: "Shikamoo Bi Mwanaasha, macho yanasumbua?" Muuza nazi naye: "Bi Mwanaasha, pole na macho." Nilipofika nyumbani nikakuta nimeletewa dawa ya macho, chupa mbili, na dua ya kusoma. Sijui wale wa Korea wanakaa mitaa gani ambayo mtu akivaa miwani hajulikani.

Lililofanikiwa ni la kuingia nyumbani kwa adui. Nilikwenda Kipawa nikamwambia mama yako, "Wifi, mie nipe kazi yoyote ya harusi, hata ya chini." Akanikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Akaniweka kwenye kamati ya mapishi, kumenya vitunguu swaumu. Sasa kila Jumapili niko Kipawa, nimekaa mkekani na adui yangu. Ndege zinazotua uwanjani zinapita juu ya bati. Ikipita tunanyamaza, ikishakwenda tunaendelea pale pale tulipoachia. Juzi kanisimulia habari ya mshenga aliyelala katikati ya mazungumzo ya mahari, nikacheka mpaka nikamwaga bakuli zima. Nilikasirika sana njia nzima nikirudi. Kwenye sizoni hawakwambii kwamba adui anaweza kuchekesha.

Lakini sijalegea. Nimemwona Bi Eufrazia, Mmakonde wa Newala anayekaa huku kwetu, mwenye kikundi cha kukodi cha kusuta. Yeye hana chuki na mtu, ni kazi tu. Anauliza jina la mkosaji, kosa, rangi ya kanga, na kama nyumba ina mbwa. Nikamwambia ni Jumamosi tarehe ishirini na nne Mei, kwenye sherehe ya wanawake, mbele ya wageni wote, kabla bibi harusi hajatolewa. Akaniuliza, "Na bibi harusi anatolewa na nani?" Nikamwambia na shangazi yake. "Shangazi yake nani?" Nikamwambia ni mimi. Akanitazama. Kisha akauliza tena kuhusu mbwa.

Harusi ya Najat utaikosa, najua inakuuma. Nitakusimulia kila kitu.

Shangazi yako,
Mwanaasha


Busan
13 Aprili 2025

Shangazi yangu, shikamoo, na Iddi njema iliyopita.

Iddi niliswali na Wahindi wawili na Mnaijeria kwenye chumba cha juu ya duka la simu. Tulikula tambi za kununua. Huku sasa ni maua kila mti, na watu wanapanga foleni kujipiga picha nayo. Bibi mwenye nyumba alifurahia salamu zako. Jirani yake alimwinamia asubuhi, yeye akatazama ukuta.

Nilimpigia mama juzi. Hajambo. Alinisifia jinsi unavyomenya vitunguu. Tulizungumza mengine pia ambayo sitayaandika.

Nikusimulie filamu niliyoiona wiki iliyopita, kwa kuwa wewe ni mtu wa kazi hizi. Kuna mama mmoja, mtu mzima, anauza dagaa kwenye mji wa bandari. Siku moja maneno yake ya siri yanajulikana mji mzima, na anaaibishwa mlangoni kwake. Anamshuku mjane wa kaka yake, kwa sababu ndiye aliyemtumia maneno hayo. Basi anavaa miwani. Anabandika picha ukutani. Anaingia jikoni kwa yule mjane, anamenya vitunguu, anangoja siku ya sherehe.

Halafu filamu inarudi nyuma, miezi mingi nyuma, chumbani kwa yule mama, na tunaonyeshwa kidole. Kidole chake mwenyewe, Shangazi. Chakula kinaungua jikoni, ana haraka, na badala ya kubonyeza jina la wifi yake anabonyeza jina lililo juu yake, la kikundi cha ukoo mzima. Watu wote waliisikia sauti ikitoka kwenye namba yake. Walijua tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu alikuwa mkubwa wao.

Ukumbini watu walilia. Mimi nililia kuwazidi.

Naomba uniambie unaionaje filamu hiyo. Naomba sana uniambie mapema.

Mwanao,
Badru


Tandika
9 Mei 2025

Mwanangu Badru,

Marahaba. Mvua za masika zimetupiga vizuri, uwani kwangu kulikuwa na vyura. Goti limeomba radhi, safari hii lilisema kweli. Najat ameshatiwa hina ya majaribio na imemkubali. Nguo za sare zimekuja, rangi ya bilinganyi, mimi nimependeza.

Filamu yako nimeisoma mara mbili, nikamsimulia na mke wa mpangaji. Alinitazama kwa namna ya ajabu, kisha akakumbuka ana nguo za kufua. Nadhani hakuielewa. Mimi nimeielewa na nakwambia ni mbovu.

Yule mama ni mjinga. Mtu mzima anashindwaje kuitazama simu yake mwenyewe? Halafu eti mji mzima unajua na mji mzima umenyamaza! Badru, hapa Tandika watu hawawezi kunyamaza hata hotuba ya Ijumaa ikiendelea. Angetokea mmoja tu akamwambia. Ningekuwa mimi, ningeambiwa siku ile ile. Na yule mjane ndiye kaniudhi zaidi. Anajua hana kosa, anamwona wifi yake kavaa miwani jikoni, na anakaa kimya anamsogezea bakuli? Mtu wa namna hiyo hayupo. Aliyeandika filamu hiyo hajawahi kuwa na wifi.

Twalib wa Tandale asije akaitafsiri hiyo. Au akiitafsiri, amalizie kwa mjane kukiri, watu waondoke na raha yao.

Tarehe ishirini na nne iko pale pale. Nimefanya mazoezi ya kutabasamu kwa ubaridi mbele ya kioo. Mke wa mpangaji kaniuliza kama jino linaniuma.

Nilipomaliza kuandika hapo juu nilikwenda kulisogeza sanduku la nguo ili nifagie chini yake. Nimelirudisha.

Shangazi yako,
Mwanaasha


Busan
12 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Sijapata jibu lako na tarehe inakaribia, kwa hiyo leo sina habari za maua wala za bibi wa supu. Nisamehe. Nimejaribu kupiga kwa mpangaji wako nizungumze nawe, akaniambia umekataa hata kuigusa simu.

Mpango wako sikumwambia mama, kwa kuwa ulinipa amana. Lakini anaujua. Anasema Temeke nzima inaujua, mpaka rangi ya kanga. Nikamwambia basi mwambie Shangazi ukweli, au niache mimi nimwambie. Haya ndiyo aliyonijibu, na aliniapisha nisiyaandike: "Badru, ukimwambia shangazi yako, mie na wewe basi. Keshasutwa mara moja, ilimvunja. Akijua na hili, atajificha ndani mpaka afe. Bora anione mie mbaya. Mie nitavumilia."

Sasa nimevunja ahadi ya mama, na nimekuvunjia wewe heshima. Shangazi, itoe simu. Ichaji. Fungua gurupu la ukoo, panda juu mpaka Novemba, uone sauti ile imetoka kwa nani. Mimi siwezi kuliandika jina, mkono unakataa.

Huyo anayetaka kusutwa ni mama yangu. Na anayekwenda kumsuta ni shangazi yangu. Mimi nimebaki na nyie wawili tu.

Nakuomba.

Badru


Tandika
15 Juni 2025

Mwanangu Badru,

Marahaba. Iddi ya kuchinja imepita, nyama ilikuwa ngumu. Goti halijambo. Najat yuko kwake Mbezi Beach. Mumewe ni mrefu mpaka anainama kupita mlangoni kwangu, kwa hiyo anaonekana ana adabu nyingi. Mke wa mpangaji amehama kwenye magimbi, sasa ni mihogo.

Barua yako ya Mei ilifika Juni. Harusi ilikuwa imeshapita.

Niliahidi kukusimulia kila kitu. Turubai lilifungwa barabara nzima, Kipawa ilijaa. Pilau ilichambuka, kila punje peke yake. Bi Eufrazia aliingia kwa wakati wake na kikundi chake, kanga za njano, matarumbeta mbele. Ngoma ikapigwa hadi kwenye kiti cha mama yako, kisha ikanyamazishwa, kama desturi ilivyo, ili mkosaji aulizwe. Bi Eufrazia akauliza, "Bi Hija, ulisema au hukusema?"

Mama yako alikuwa na upawa mkononi. Alinitazama mimi, hakumtazama Bi Eufrazia. Alikuwa na simu yake kwenye mkoba, pembeni tu. Angeitoa, angebonyeza mara moja, mimi ningeisha pale pale mbele ya wakwe. Akauweka upawa chini. Akasema, "Nilisema. Nimekosa. Wifi, nisamehe mbele ya hawa wote." Na akapiga magoti, Badru. Mama wa bibi harusi, na gauni lake la harusi ya mwanawe, kwenye mchanga.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake wote walitazama miguu yao. Mimi nikadhani wanauheshimu ushindi wangu. Kwenye sizoni wakati kama ule mvua hunyesha na muziki unapigwa. Mimi nilisimama juani nalowa jasho, tarumbeta likatoa mlio mmoja likajinyamazia. Nikalitoa lile tabasamu la ubaridi nililofanyia mazoezi, na halikuwa na pa kwenda. Kisha nikaenda kumtoa bibi harusi. Najat alinipa mkono, lakini uso hakunipa. Nilirudi Tandika nimebeba sahani yangu ya pilau, nikashindwa kuila. Nilisema ni uchovu.

Zaidi ya wiki moja baadaye ikaja barua yako.

Sasa kuna mwanamke mmoja hapa Tandika, sitamtaja. Alilifungua sanduku lake la nguo, akatoa simu, akaichaji kwa mpangaji wake. Macho yalimsumbua, akamwomba mke wa mpangaji ampandishie gurupu mpaka Novemba. Binti akapandisha kwa kidole, akafika, akamrudishia simu, akasema ana nguo za kufua. Yule mwanamke akaisikia sauti yake mwenyewe ikizungumzia pilau. Akatazama ile sauti imekaa upande gani: upande wa ujumbe anaotuma mwenye simu mwenyewe.

Nitaacha kusema yule mwanamke, nimechoka kuzunguka. Ni mimi, Badru. Nililia siku mbili. Si kwa aibu, aibu nilikwisha kuizoea. Nililia kwa ule mchanga kwenye gauni la mama yako.

Nilipoweza kusimama nikaenda kwa Bi Eufrazia. Akauliza jina la mkosaji, nikamtajia. Akauliza kosa, nikamwambia ni kumsuta mtu asiye na kosa. Akauliza kanga, nikamwambia zile zile za njano. Akanitazama sana. Kisha akasema, "Kwako hakuna mbwa, nakumbuka."

Wakaja jana alasiri. Nilivaa vizuri, nikakaa barazani kuwangoja. Bi Najma naye alikuja, hakutaka kusimuliwa. Ngoma imeshafika kwa muuza mkaa, namwona mama yako anashuka kwenye bajaji, kiatu kimoja mkononi. Sijui nani kamwambia. Nadhani kila mtu. Akapita katikati ya matarumbeta, akasimama mlangoni kwangu ametanua mikono, "Nyie, rudini makwenu! Huyu haguswi!" Bi Eufrazia akamwambia, "Mama, sie tumeitwa na mwenyewe." Akanyamazisha ngoma, akauliza swali lake, "Bi Mwanaasha, ulisema au hukusema?"

Mama yako akadakia, "Hakusema!"

Nikamshika bega nikamsogeza. Nikasema, "Nilisema, Hija. Nilisema mie, kwa simu yangu, kwa mdomo wangu, halafu nikakusingizia wewe. Nisamehe." Goti la kushoto lilikataa, nikapiga la kulia.

Wapiga tarumbeta hawakujua wafanye nini, hawajawahi kupata mteja wa namna hii. Ndipo Bi Najma akauliza kwa sauti kutoka nyuma, "Na ile pilau je?" Nikafikiri. Nikamwambia, "Najma, hilo siwezi kulirudisha. Ilishikana." Kicheko alichoanza nacho mama yako kilifika mwisho wa mtaa, na Bi Najma mwenyewe akashindwa kujizuia. Vigelegele nilivyovikosa Kipawa nikavipata vyote kwangu. Mama yako akaniinua kwa kwapa, akaniambia, "Twende ndani, wifi, nasikia kitu kinaungua." Yalikuwa maharage.

Ukuta nimeubomoa. Picha ya harusi nimeiunga kwa gundi, na mkono wangu umerudi begani kwa mama yako, umepinda kidogo. Mwambie bibi wa supu amsalimie yule jirani. Najua ni kazi ngumu. Mwambie nimeiweza mimi na goti hili.

Jambo la mwisho. Nilipokuwa natazama lile gurupu, chini ya sauti yangu niliona majibu ya watu. Wengi walikaa kimya, Mungu awalipe. Lakini kuna namba moja ya nje, nisiyoijua, iliyoweka sura tatu zinazocheka mpaka zinatoka machozi. Nikamuuliza mama yako ni namba ya nani. Akaangalia kando.

Badru mwanangu, mimi sina haraka. Soma umalize. Kula vizuri, vaa soksi zako. Siku ukirudi, vaa suti. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege mimi mwenyewe, na miwani yangu. Bi Eufrazia nimeshamweleza. Kaniuliza rangi ya kanga, nimemwachia mama yako achague.

Shangazi yako akupendaye,
Mwanaasha